Mkono Uliofanana na Wake

Wafiwa wenzangu, majirani, mafundi wa gereji, wachoraji, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi kwenye jua hili, poleni na asanteni. Mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Karatasi mliyopewa pale getini ina maneno haya haya. Tumeyaandika pamoja na wifi yangu, mjane wa marehemu, mezani kwake, na kila nilipotaka kulainisha jambo alinishika mkono. "Wifi, andika lilivyokuwa," alisema. "Nimeongopa vya kutosha kwenye maonyesho. Kaburini sitaweza."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mwanamume pekee. Baba yetu alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama alifua nguo za watu, beseni moja baada ya jingine, mpaka ngozi ya vidole vyake ikawa nyeupe. Mama alimpenda mwanawe waziwazi, mbele yetu mabinti, bila haya. Tukiuliza kwa nini yeye kapewa paja la kuku na sisi shingo, jibu lilikuwa moja siku zote: "Huyu ndiye jina la baba yenu." Nasi tulimpenda vivyo hivyo, maana hatukujua kwamba inaruhusiwa kutompenda.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli na kumaliza mwaka 1971. Katika hesabu alikuwa wa mkiani, lakini katika kuchora hakuwa na mwenzake. Alikuwa na jicho la kuiona kasoro ya mtu kabla hajalijua jina lake. Mwenye makengeza alichorwa makengeza, mwenye kibiongo akachorwa kibiongo, na michoro hiyo ilipita chini ya madawati darasa zima likicheka isipokuwa mmoja. Mwalimu wa hesabu alijikuta ubaoni ana masikio ya punda. Marehemu alichapwa, na alipomaliza kuchapwa akachora fimbo. Sekondari alisoma miaka miwili tu. Baba alifariki mwaka 1973, na mwanamume pekee wa nyumba akatakiwa kutafuta kazi.

Kazi aliipata katika gereji ya kupiga magari rangi. Kwa muda mrefu hakupewa bomba la kupulizia rangi, alipewa msasa. Alisugua milango na boneti kutwa nzima mpaka alama za vidole zikafutika. Hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo, Msasa, na waliomzoea walisema lilimfaa hata kwa ulimi. Siku moja alikuwa akisugua mlango wa gari kuukuu lililopita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na rangi yake. Nyeupe ikatoka, chini yake ikatokea kijani, chini ya kijani nyekundu iliyopauka, na katikati ya rangi hizo akaona uso wa mtu. Alisema ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kuliko watu wote aliowahi kuwaona. Alimbembeleza mwenye gereji mpaka akapewa ule mlango, akaubeba kichwani kuja nyumbani, na mama akamuuliza kama amenunua gari kwa vipande.

Kuanzia hapo akawa mchoraji. Alichukua mabati, akayapiga rangi tabaka juu ya tabaka, kisha akayasugua kwa msasa, kwa mizunguko midogomidogo, mpaka sura za watu zikapanda kutoka chini. Mwaka 1986 picha zake zilitundikwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa picha ulioko mkabala na benki. Mwenye ukumbi huo tuko naye hapa leo. Watu walizipenda. Zilikuwa picha nzuri, na nataka hilo lisikike vizuri kabla sijaendelea.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Wifi alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, na marehemu alikuwa akienda pale kila siku kununua karatasi moja ya msasa. Moja tu. Kesho anarudi kwa nyingine. Mwenye duka alivumilia wiki kadhaa, kisha akamwambia wifi kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Hebu muulize huyu kijana, anasugua gari au anasugua duka langu?" Marehemu akajibu bila kupepesa macho kwamba anasugua mlango, ila haujafunguka bado. Ukafunguka. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye ni dereva wa lori na ndiye mnayemwona ameshika mkono wa mama yake.

Sasa nifike mwaka 1991.

Mwaka huo mwenye ukumbi alimgundua mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya matangazo. Kazi yake ilikuwa kubandua mabango ya zamani ukutani ili mapya yabandikwe. Alikuwa na ngazi, ndoo ya maji na chuma bapa cha kukwangulia, na watu walimwita Mabango. Naye, kama marehemu, alikuwa ameona kitu katika kazi yake: sura ya tangazo la sigara chini ya sura ya tangazo la dawa ya meno, jicho la huyu katika shavu la yule. Nyumbani kwake alibandika karatasi juu ya mbao, akapaka rangi, akabandika tena, akapaka tena, kisha akabandua. Alivuta kutoka juu kwenda chini, kwa vipande virefu. Hakuwa amewahi kukanyaga ukumbi wa picha, na marehemu hakuwa amewahi kumsikia. Lakini ukisimama hatua chache kutoka kwenye picha zao, usingeweza kusema hii ni ya nani na ile ya nani. Watu wale wale waliochoka, wanapanda kutoka chini ya rangi zile zile zilizopauka.

Mwenye ukumbi aliona biashara. Alizitundika mbilimbili, moja ya Msasa na moja ya Mabango, bila majina, na wageni wakapewa vikaratasi vya kukisia. Siku ya ufunguzi marehemu alimleta mama. Mama hakuwahi kuingia mahali kama pale. Alivaa gauni lake la kanisani, akabana pochi kwapani, akatembea taratibu kama anayeogopa kuchafua sakafu. Nilikuwa nyuma yao.

"Haya mama," marehemu alisema kwa sauti, maana watu walikuwa wameanza kuwatazama, "waonyeshe hawa. Yangu ni ipi?"

Mama alizunguka ukumbi mzima. Alirudi, akasimama mbele ya picha ya mwanamke aliyeinama juu ya beseni, mabega yamemshuka. Alinyoosha mkono akaigusa, ingawa tulikuwa tumeambiwa tusiguse.

"Hii hapa," alisema. "Huyu ni mimi. Hii umechora wewe, mwanangu. Damu yangu siwezi kuikosea."

Ilikuwa ya Mabango. Mama yake naye alifua nguo za watu.

Mwenye ukumbi, ambaye ndiye angepaswa kunyamaza, alicheka wa kwanza. Ukumbi ukamfuata. Mama naye alicheka kidogo, akidhani amepatia. Kisha Mabango alitoka katikati ya watu, akamshika mama mkono, akamwambia, "Asante mama." Hakuwa na nia mbaya. Marehemu aliuachia mkono wa mama ambao alikuwa ameushika tangu mlangoni.

"Basi umeshapata mtoto mwingine," alimwambia. "Akupeleke na nyumbani."

Mimi ndiye niliyempeleka. Marehemu hakukanyaga tena kwa mama. Alituma vitu, alituma salamu, yeye hakuja. Mama alipofariki mwaka 1996 alifika mazikoni, akasimama upande wa majirani. Na mama, mpaka siku zake za mwisho, alikuwa akiniuliza, "Hivi mwanangu, ile picha yenyewe ilikuwa ipi?" Nilimwambia sikumbuki.

Baada ya siku ile ya ukumbini hapakuwa tena na Msasa peke yake. Waandishi waliandika "Msasa na Mabango." Wanafunzi wa chuo walikuja na daftari, wakasimama katikati ya picha mbili wakigeuza shingo huku na huku. Wengine walisema yeye ana nguvu zaidi na mwenzake ana huruma zaidi. Wengine wakasema kinyume. Marehemu alizisoma zote hizo, na wifi anasema alipokuwa akisoma alikuwa akisugua kidole gumba juu ya meza mpaka rangi ya meza ikatoka. Kusifiwa hakukumsaidia. Wakimsifu yeye, alitaka kujua kwa nini yule naye ametajwa.

Mwaka 1992 alipeleka mashtaka kwenye chama cha wachoraji. Alisema Mabango ni mwizi, kwamba kwa miaka mingi alikuwa akisimama kwenye geti la gereji akimchungulia anavyofanya kazi, kisha akaenda kuiga. Kikao kilifanyika katika darasa moja la chuo cha sanaa. Mwalimu wa chuo hicho, ambaye pia yuko nasi leo na tunamshukuru kwa kuja, aliombwa kulinganisha kazi zao. Aliziweka juu ya madawati, akazikagua kwa miwani na bila miwani. Alisema kufanana kiasi hiki hakutokei kwa bahati. Mmoja wao amemtazama mwenzake, na aliyetangulia kutundikwa ukumbini ni Msasa.

Kisha akaitwa shahidi, fundi mmoja wa gereji ambaye ametangulia mbele za haki. Alisema alimwona mwanamke huyu getini mara nyingi, amevaa kilemba cha bluu. Wifi anasema shahidi huyo alifundishwa maneno hayo jikoni kwake, akiyarudia kama mtoto anayekaririshwa shairi, na kilemba cha bluu marehemu alikibuni pale pale huku akinywa chai.

Mabango aliulizwa ana la kusema.

"Hiyo gereji," alisema, "iko mtaa gani?"

Watu walicheka. Walidhani anajifanya. Akasema tena, "Nauliza kweli. Iko wapi?"

Alifutwa uanachama siku hiyo. Picha zake ziliteremshwa ukumbini na kuegemezwa ukutani nje, akazichukue. Kabla hajapata habari ilinyesha mvua. Karatasi zilivimba, gundi ikaachia, na nyuso zote zikaanza kujibandua zenyewe na kuning'inia. Alipofika alizitazama moja moja. Mwenye ukumbi alimwambia anaweza kumpa gari la kuzibebea. Alijibu, "Za nini? Zimeshamaliza kujibandua," akachukua ndoo yake akaenda.

Marehemu alikuwa ameshinda, na ingekuwa heri angeishia hapo. Alinunua gari. Kila alipopita barabarani akamwona Mabango juu ya ngazi anakwangua ukuta, alipunguza mwendo, akashusha kioo na kuita, "Mabango! Leo unamwiga nani?" Mwanawe alikuwa kiti cha nyuma, amevaa sare ya shule. Ameniruhusu niseme kwamba siku hizo alikuwa akijilaza chini, kati ya viti, ili yule mama asimwone.

Miaka mingi ilipita hivyo. Marehemu alikuwa mtu wa kusafiri, wa kualikwa, wa kukata utepe. Alifundisha vijana, na wengi waliacha kuja, kwa sababu kijana akianza kuchora vizuri marehemu alianza kumuuliza amemwangalia nani.

Ugonjwa ulianza mwaka 2012, kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kilikuwa kikicheza chenyewe. Halafu ukaja mkono mzima, halafu wa kushoto. Daktari alisema ni ugonjwa wa kutetemeka, una dawa za kuutuliza lakini hauna za kuuondoa. Marehemu alianza kuvaa suruali za mifuko mikubwa, akawa anasalimia watu kwa kuinamisha kichwa, na wengi mlidhani amezidi kuringa. Mwaka uliofuata hakuweza kushika msasa. Alijaribu kumfundisha mwanawe, lakini mikono ya mwanawe ni ya usukani. Walisugua bati moja mpaka likatoboka.

Hapo angeweza kustaafu. Alikuwa na jina, na maradhi si aibu. Lakini mwenye ukumbi alikuwa ameanza kuandaa maonyesho makubwa ya miaka thelathini ya kazi yake, na alitaka picha mpya. Na marehemu aliogopa jambo moja kuliko kifo: kwamba yeye akinyamaza na yule bado yuko mtaani na mikono mizima, watu watakuja kusema labda yule ndiye aliyekuwa mwenyewe.

Basi alikwenda kwake. Wifi alifuatana naye, kwa sababu hakuweza tena kuendesha gari. Walimkuta Mabango juu ya ngazi, kwenye ukuta wa duka la dawa, ameshazeeka, miwani kafunga kwa uzi. Marehemu alisimama chini ya ngazi, akautoa mkono mfukoni na kuunyoosha.

Mabango aliutazama ule mkono ukicheza hewani. Alitazama mpaka marehemu mwenyewe akaurudisha mfukoni.

"Hebu utoe tena," alisema.

Akautoa tena. Wapita njia walianza kugeuka.

"Nataka unichoree," marehemu alisema. "Picha saba. Hakuna mwingine anayeweza."

"Mimi mwigaji nitaweza?"

"Dada, nakuomba."

Wifi anasema ndiyo mara pekee maishani aliyomsikia mumewe akitamka neno hilo. Mabango alishuka kwenye ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye gauni.

"Nitachora," alisema. "Jina utaandika mwenyewe, kwa mkono huo huo, hata ikikuchukua asubuhi nzima. Na utakaa chumba kimoja na mimi, unaniangalia. Ulisema nilikuwa nakuchungulia getini. Sasa utachungulia wewe."

Ikawa hivyo. Mabango alikuja kila asubuhi, katika karakana iliyo nyuma ya nyumba ya marehemu, ile yenye paa la bati. Marehemu aliwekewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Akigeuza uso dirishani, Mabango aliacha kazi, akashusha chuma chake na kungoja. "Angalia," alimwambia. Akirudisha macho, kazi iliendelea. Hakuwahi kumtukana wala kumpandishia sauti. Chai aliyoletewa na wifi alikunywa, kikombe akaosha mwenyewe. Siku za mwanzo marehemu alijaribu kumwelekeza. Alipoona anavuta rangi kutoka juu kwenda chini, alipiga kelele, "Zungusha! Mimi nazungusha!"

"Nani ameshika chuma?" Mabango aliuliza.

Hakumwelekeza tena. Picha ilipokauka, Mabango alimshikia kikopo cha rangi, na marehemu akaandika jina lake kwenye pembe ya chini. Brashi iliruka, ikachora, ikadondosha. Mabango alishika kikopo tu. Mara moja wifi alitaka kuushika mkono wa mumewe kumsaidia, na Mabango akamwambia, "Mwache, mama. Jina ni la kwake."

Maonyesho yalifunguliwa mwezi wa saba mwaka 2016. Wengi wenu mlikuwepo. Picha saba mpya zilipewa ukuta mzima wa mbele, na mwalimu wa chuo cha sanaa akaombwa azungumze. Alizungumza vizuri kama kawaida yake. Alituonyesha picha za zamani na picha mpya. Alisema hapo mwanzo Msasa alikuwa akizunguka, anazunguka jambo, haligusi. Sasa ameacha kuzunguka, anashuka moja kwa moja mpaka kwenye mfupa. Alisema hata jina lake ameliandika kwa uchungu, tazameni herufi zinavyotetemeka.

"Mnamkumbuka yule mwanamke aliyejaribu kumwiga?" aliuliza. "Linganisheni. Mwigaji anaiga mkono, moyo hawezi. Kazi hizi saba hakuna mwigaji duniani ambaye angeziweza."

Mabango alikuwa amesimama nyuma, karibu na meza ya vinywaji, na glasi ya juisi. Aliweka glasi chini, akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi. Marehemu aliitwa mbele ashukuru. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, nacho kikagongagonga meno yake, na sauti hiyo ikasikika ukumbi mzima. Alisema, "Asanteni." Akangoja kama mtu mwenye neno jingine, kisha akakaa.

Mwanawe ndiye aliyewaendesha kurudi nyumbani. Anasema baba yake alilia njia nzima, bila kujifuta, kwa sababu mikono haikumtii kufika usoni.

Baada ya hapo afya yake ilishuka haraka. Miguu iligoma, kisha ulimi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2019 alikuwa wa kulala tu, na nilihamia pale kusaidiana na wifi kumgeuza na kumlisha. Maneno yake yalikuwa yametafunika kiasi kwamba mimi tu niliyemzoea nilimwelewa. Mwezi huu wa tatu ulipoanza aliomba Mabango aitwe.

Alikuja mchana, kutoka kazini, na gundi kwenye vidole. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Marehemu alisema jambo, nami nikainama kulichukua.

"Anasema ulimwiga vizuri," nilimwambia. "Katika zile saba. Anasema anakushukuru, ulimwiga vizuri sana."

Mabango alimtazama yeye, si mimi.

"Sikukuiga," alisema. "Hata siku moja sijakuiga, Msasa. Sijui hata unafanyaje. Nilikuja kwako nikachora vya kwangu, kama ninavyochora kwangu siku zote. Wao ndio walioona vyako."

Marehemu alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha alisema neno jingine, na sikutaka kulisema, lakini Mabango alikuwa akingoja.

"Anauliza, sasa yeye yuko wapi mle."

"Pale chini," Mabango alisema. "Pembeni. Kwenye jina."

Alichukua kitambaa kilichokuwa juu ya mto wa kulalia, akamfuta mate mdomoni vizuri, akakikunja na kukirudisha. Akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Marehemu hakuzungumza tena, si na mimi wala na mkewe. Alifariki dunia Jumapili tarehe 10 Machi 2019, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Juzi mwenye ukumbi alikuja nyumbani kutupa pole. Alisikia kwamba tunaandika, akaomba tumsomee. Tulipofika kwenye picha saba alimgeukia wifi, akamwambia, "Mama, andikeni tu kwamba alichora mpaka mwisho. Inatosha. Mnamvua nguo marehemu."

Wifi alimjibu, "Hizo nguo ni za mtu. Tunamrudishia."

Tulimpelekea Mabango habari za msiba, tukamwomba aje, akae nasi mbele. Alisema tumwie radhi, ana ukuta wa kumaliza. Tukamuuliza kama anataka zile picha saba zifutwe jina la marehemu, liandikwe lake. "Liacheni hapo hapo," alisema. "Ila kila anayeliona ajue." Kwa hiyo tunawajulisheni.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, mkwe, wajukuu wawili, na sisi dada zake wanne. Ameacha pia picha nyingi alizozichora kwa mkono wake mwenyewe kabla ya mwaka 2012, na mlio nazo majumbani msizione haya, ni nzuri, zilikuwa zinatosha. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo akaamini.

Kaka yetu, mikono imetulia sasa. Lala salama.